Alama ya Siku ya Tatu

Andika hivi, mjukuu wangu, na usiniongezee neno. Mtu huyu nilimfahamu kwa miaka mingi kuliko niliyokaa kwa wazazi wangu, na hata leo nikimkumbuka, moyo wangu hushtuka kwanza, kabla haujapenda wala kuchukia. Jina analo, lakini ufukweni kwetu hakuna aliyelitumia. Tulimwita Katekista. Watoto walimwita hivyo, mkewe alimwita hivyo, na nadhani hata ng'ombe wake, kama angejaliwa kusema, asingemwita vinginevyo. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake sitazigusa. Yatosha kujua kwamba yeye alikuwa mwenyeji wa ufuko ule wa Ukerewe, usio mbali na Nansio, na kwamba sisi wengine wote tulikuwa wageni tulioletwa na samaki.

Mimi na babu yako tulitoka Usukumani, kwenye ng'ombe na pamba. Tulipofika mwaloni, pale mitumbwi inapopakulia samaki, sikujua kuogelea, sikujua kuanika dagaa, na kusoma sikujua. Mawili ya kwanza nilijifunza. La tatu halikunijia, ndiyo maana kalamu umeishika wewe.

Katekista hakuona kutojua kusoma kuwa kasoro. Wengine waliotaka ubatizo walipewa kijitabu. Mimi nilipewa sauti yake. Alikuwa akisoma maneno machache, kisha ananyamaza, na ukimya wake ulikuwa mzito hata ukaona haya kuuvunja kwa neno lisilo sahihi. Ukikosea, hakukukemea. Alirudia tu, kwa sauti ile ile, kana kwamba ni yeye aliyekosea. Kwa njia hiyo niliimeza habari yote ya kuumbwa kwa dunia, tangu giza la kwanza hadi pumziko la siku ya saba, wala haijanitoka. Wenye kusoma wana vitabu vingi. Mimi ninacho hicho kimoja, nacho kiko kifuani.

Basi ufahamu jinsi alivyoamini. Kwake, siku sita zilikuwa siku sita: jioni ikawa, asubuhi ikawa, jogoo angewika kama angekuwa ameshaumbwa. Hakuyafundisha hayo ndani ya kanisa letu la mabati. Alitupeleka nje, na kila siku ya uumbaji tuliishika kwa mikono. Siku ya nuru tulifumba macho, tukayafumbua tukilielekea jua linapochomoza. Siku ya anga tulichota maji kwa kata na kuyainua juu. Na siku ya tatu, siku ambayo maji yalikusanyika na nchi kavu ikaonekana, alitupeleka kwenye jiwe.

Unayajua mawe ya kwetu, makubwa kuliko nyumba, yaliyopandiana kama ng'ombe zizini. Hilo moja lilisimama ufukweni, juu kidogo ya maji, na kiunoni pake palikuwa na ukanda mweupe kama chokaa, umenyooka kuliko ukuta wa fundi. Katekista alitufundisha kwamba ukanda ule ni alama. Hapo, siku ya tatu, Mungu aliyaambia maji: mwisho wenu ni hapa. Kila aliyetaka kubatizwa aliweka kiganja chake juu ya alama ile, akakaa kimya, kisha akapisha mwingine. Akina mama waliwabeba watoto wachanga na kuwagusisha viganja. Mimi nimeweka changu. Baba yako amewekewa chake akiwa bado ananyonya.

Mahali pengine popote ungesikia watu wakiuliza maji yalifika wapi miaka ya nyuma. Sisi hatukuuliza. Tulijenga juu ya alama, karibu kadiri tulivyopenda, kwa sababu mwalo ni riziki na mtu hapendi kubeba samaki mbali. Nyumba yetu ilikuwa ukitoka mlangoni unalifikia jiwe kabla hujamaliza kufunga kanga.

Mwenendo wake ulifuata wiki ya Mungu. Jumapili hakushika jembe, na si kwa sababu ya Misa peke yake. Alisema, "Jumapili udongo ulikuwa bado chini ya maji. Utalima nini?" Alipanda mihogo Jumanne tu, siku ya majani na mbegu. Jumatano alisafisha taa zote za nyumba yake na za kanisa, maana ndiyo siku ya jua, mwezi na nyota. Alhamisi hakula samaki, kwa kuwa siku hiyo samaki walibarikiwa waongezeke, na si adabu kumla mtu siku ya baraka yake. Ijumaa alimwogesha ng'ombe wake ziwani, naye akaoga kando yake, akisema wao wawili waliumbwa siku moja, hivyo washerehekee pamoja.

Watu walicheka, naye hakukataa kuchekwa. Palikuwa na mwenye duka mmoja Nansio, Mwislamu ambaye babu zake walitoka Uhindini, na duka lao lilikuwa limeuza vitambaa na taa tangu kabla sisi hatujafika. Wawili hao walipendana kwa kutaniana. Siku moja nilikuwapo, nimefuata kanga. Mwenye duka akamwambia, huku anampimia mafuta ya taa, "Katekista, wiki yenu inanitatiza. Jumatano ni siku ya tano kwa Kiswahili. Alhamisi ni siku ya tano kwa Kiarabu. Sasa huyo Mungu aliwaumba samaki mara mbili, au sangara ni wa Jumatano na sato ni wa Alhamisi?"

Katekista alicheka hata akafuta machozi kwa mkono wa shati. Kisha akafanya jambo lililonishangaza: kuanzia wiki ile akaacha samaki siku zote mbili. Mkewe alilalamika kwamba mwenye duka amemnyima kitoweo. Katekista akamjibu kwamba kukosea upande wa heshima si kukosea.

Mkewe huyo alikuwa mtu wa miguu mibaya, na kwa miaka mingi Katekista ndiye aliyemtekea maji. Aliipanda njia ya ziwani na ndoo kichwani mbele ya wavuvi, nao hawakuacha kumtania. Walimwuliza kama mwanamke hakuumbwa kuwa msaidizi. Alisimama, akaishusha ndoo bila haraka, akawaambia, "Alitoka ubavuni mwangu. Ubavu ukiuma, anayelala vibaya ni nani?" Akaipandisha ndoo, akaenda zake.

Na nyoka hakuua. Siku moja swila aliingia kanisani katikati ya mafundisho, tukapanda juu ya mabenchi kama kuku. Katekista alichukua fagio, akamwongoza hadi nje kwa upole kama mtu anayefagia maji. Wanaume walikasirika, wakataka kumfuata wamponde. Akawazuia mlangoni, akasema kwamba hukumu ya yule kiumbe ilishasomwa bustanini, na hawakupewa wao kuiongeza.

Nakueleza hayo ili usimwandike kama mtu mkali tu. Alikuwa mpole kwa ng'ombe, kwa mke na kwa nyoka. Lakini mwambie kwamba zile siku sita ni namna ya kusema, uso wake ulifunga. Padre kijana alitujia mwaka mmoja, akahubiri kwamba siku zile ni kama beti za wimbo: zinatuambia ni nani aliyeumba, hazituambii ni kwa saa ngapi. Alihubiri vizuri. Baada ya Misa, Katekista alimpelekea maji ya kunawa kama kawaida yake, akamwambia kwa heshima yote, "Baba, wimbo hauzuii maji." Akarudi kulifunga kanisa.

Neno hilo nimelibeba miaka mingi. Sasa nifikie lililonifanya nilibebe.

Babu yako alifariki kwa ugonjwa mfupi wa kifua. Baba yako, Masanja, alikuja kutoka Igogo, ng'ambo ya ziwa, siku ile ile. Alikuwa ameshakuwa mwalimu wa shule, amesoma chuo, na alikuwa akisema wazi kwamba yeye anamwamini Mungu lakini habari ya siku sita anaisoma kama mfano. Mimi sikupenda kusikia hivyo, naye alijua. Watu walipoanza kuchimba kaburi kando ya nyumba, juu kidogo ya lile jiwe, Masanja akawasimamisha. Alitaka baba yake azikwe juu, kwenye shamba la mihogo.

Katekista akamwuliza ana hofu ya nini. Masanja akasema anahofu ziwa. Ziwa lina miaka yake, alisema, hujaa na kupungua. Hayo hayakuwa maneno ya kusemwa mbele ya Katekista.

"Mwanangu," Katekista akasema, "alama umeigusa mwenyewe."

"Niligusishwa, Katekista. Nilikuwa mchanga."

"Ukisema siku ya tatu ni mfano, basi na siku ya kwanza ni mfano. Na Adamu ni mfano. Ukifika kwenye kaburi tupu la Bwana, utaliita nini?"

"Nitaliita kaburi tupu," Masanja akasema. "Lakini hili la baba si tupu, na maji hayajui kusoma."

Sauti zikapanda kati ya waombolezaji. Kijana kumjibu mtu mzima namna ile, na maiti bado ndani! Wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa mume alikuwa wangu. Nikasema atazikwa hapo hapo, kando ya jiwe, mahali alipoanika nyavu zake maisha yake yote. Nikamwambia Masanja kwamba mimi pia sijui kusoma, kama hayo maji yake, hivyo akae kimya.  Tukazika.

Asubuhi yake Masanja alipita mbele ya Katekista akielekea kivukoni na hakumwamkia. Nilidhani hakumwona. Aliporudi kwa matanga, hakumwamkia tena. Mtu aliyemgusisha alama, aliyemfundisha kupiga ishara ya msalaba, kumpita bila shikamoo! Nilimwita kando nikamkaripia. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwamba shikamoo ni ya mtu unayekubali akuongoze. Tangu hapo, kila alipokuja kisiwani, alipitia njia ya nyuma. Na kwangu alikuja mara chache, akakaa muda mfupi, na mazungumzo yetu yakawa ya hali ya hewa na bei ya unga.

Kisha ikaja ile masika. Wewe ulikuwa mdogo, lakini nadhani umesikia. Mvua zilinyesha hata baada ya msimu wake, na ziwa likaanza kupanda. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama mgeni asiye na haraka: leo limefikia chanja za dagaa, wiki ijayo limechukua choo cha jirani, baadaye mitumbwi ikawa inafungwa kwenye nguzo za majiko. Wengine walihama. Sisi wa kando ya jiwe tulikaa. Kila asubuhi nilitazama alama, na kila asubuhi ilikuwa juu ya maji.

Maji yalipoifikia, Katekista alituita. Tulisali ufukweni watu wengi kuliko siku za Pasaka. Akatuambia tuweke viganja kama siku ya ubatizo wetu. Nikaweka. Nilipouondoa, mkono wangu ulikuwa umelowa. Nikautazama mkono ule kama si wangu. Nikamtazama Katekista, naye alikuwa anautazama wa kwake.

Siku chache baadaye sikuiona alama. Ilikuwa imezama, yote, nyeupe chini ya maji kama ubao uliosahauliwa, na maji yalikuwa yamelilamba kaburi la babu yako upande wa miguu. Nikusimulieje? Mtu akipigwa usoni na adui, hupiga kelele. Akipigwa na mzazi, hukaa tu na kuangalia. Nilikaa mlangoni, nikaangalia. Jirani alimpigia Masanja simu, mimi sikuweza.

Katekista hakuja. Hakuja siku hiyo wala iliyofuata. Nikasikia yuko ndani kwake, hali chakula, hasemi na mtu.

Jumapili, rimu la gari tulilolifanya kengele likagongwa, watu wakapanda kwenda kanisani. Mimi sikwenda. Nilikuwa nafunga vyombo niliposikia mlio wa jembe nje, ule mlio wa chuma kinachoingia kwenye udongo wenye maji. Nikatoka. Katekista alikuwa amesimama katika maji hadi magotini, na shati lake jeupe la Misa, anachimba. Mkewe amekaa juu ya jiwe dogo, miguu yake mibaya imenyooshwa, amepakata shuka jipya. Mwenyekiti wa kijiji yuko kando na vijana wawili, maana Katekista alikuwa ameomba ruhusa ya kulihamisha kaburi kama inavyotakiwa.

Nilishtuka kuliko siku ya kifo chenyewe. Yule mtu, na jembe, siku ya Jumapili! Nikasema neno moja tu: "Katekista, leo ni Jumapili."

Hakuinua kichwa. "Najua," akasema. "Na udongo uko chini ya maji."

Tulichokiona na tulichokibeba sitakieleza. Hicho usikitafute katika maneno yangu, wala usiniulize. Masanja alishuka kivukoni mchana, akatukuta kwenye shamba la mihogo. Shimo lilikuwa limechimbwa, baba yake amelazwa ndani ya shuka jipya, na Katekista alikuwa anafukia peke yake. Masanja akasogea, akalichukua jembe mkononi mwake bila neno, akamalizia. Hakumwamkia. Nami sikumkaripia safari hii.

Baada ya hapo Katekista hakufundisha tena. Nyumba yake nayo iliingia maji, na binti yao akawachukua, yeye na mkewe, kwenda kukaa naye Buhongwa, upande ule wa barabara ya Shinyanga, ambako ukisimama huoni ziwa. Mke akafia huko. Sikwenda kuzika. Nilijiambia nauli ni tatizo, lakini usiandike hivyo kama sababu, andika tu kwamba sikwenda. Miaka ikapita. Maji yakarudi nyuma polepole, na jiwe likatokea likiwa na ukanda mweupe juu kidogo ya ule wa zamani. Watoto wa mwaloni huuchezea. Hakuna anayewaambia ni wa siku gani.

Mwaka huu, baada ya mavuno, binti yake alinipigia simu. Akasema baba yake haoni tena, macho yote mawili, na kwamba ananiulizia kila siku. Nilivuka. Nilipofika Igogo nikamwambia Masanja ninakokwenda. Akasema ana gari, atanipeleka, lakini hataingia. Tulipofika alizima gari chini ya mti ulio nje ya ua, akafungua mlango apate hewa, akabaki kwenye kiti. Kati ya kiti chake na dirisha la chumba cha mgonjwa palikuwa na kamba ya nguo tu.

Katekista alikuwa amekwisha, amebaki sauti. Alinijua kwa hatua. Tukaulizana hali, nikampa pole ya mkewe, akanipa pole ambayo hakuitaja ni ya nini. Kisha akasema amenitafuta anieleze habari ya ile alama.

"Niliona ikichorwa," akasema.

Nilidhani akili yake imehama. Nikamwuliza, nani aliyeichora?

"Maji. Nilikuwa mtoto. Zilikuwa mvua za wakati wa Uhuru, na ziwa lilipanda kama lilivyowapandia ninyi. Walikuwapo watu pale kabla yenu, wakakimbia. Mama yangu hakukimbia. Alinibeba juu ya jiwe lile, akasali, na maji yakafika kiunoni pa jiwe yakasimama. Yalikaa hapo siku nyingi. Yaliporudi yaliacha ule weupe. Mama akaushika mkono wangu, akauweka pale, akaniambia: hapa ndipo Mungu alipoyaambia basi."

 Kuna mshtuko unaokuja na kelele, na kuna unaokuja kama mtu amekuondolea ardhi chini ya mkeka. Miaka yote ile, viganja vyote vile, na watoto wachanga. Alikuwa ametupatia kiganja cha mama yake.

"Kwa hiyo ulijua," nikasema. "Ulijua maji hufika pale."

"Nilijua maji hukoma pale, Mama Masanja."

"Siyo jambo moja hilo."

"Siyo," akasema. "Kwangu lilikuwa moja."

Nikasimama niondoke. Nisingekaa tena ndani ya chumba kile. Ndipo akaomba kitu ambacho sikukitarajia. Akasema kwamba tangu macho yalipofungika, binti yake humsomea jioni, lakini husoma mbio kwa sababu ana kazi, na mwenyewe maneno yanaanza kumchanganyikia. Je, bado ninayo ile habari? Naweza kumsomea?

Nimpe nini mtu huyu, baada ya hilo? Lakini maneno yalikuwa yake. Alinikopesha bila kuniuliza kama najua herufi, na mtu akidai chake, hufungui mlango ukaondoka. Nikakaa. Nikaanza kama alivyonifundisha: maneno machache, kisha kimya. Giza. Nuru. Jioni na asubuhi. Anga kati ya maji na maji. Midomo yake ilikuwa inanifuata. Nikafika siku ya tatu, maji yakakusanyika mahali pamoja, pakavu pakaonekana, Mungu akapaita nchi, akaona kuwa ni vyema, na majani yakachipuka.

Hapo nikakwama. Si kwamba nilisahau. Nilirudi nyuma kichwani, neno kwa neno, kama mtu anayepapasa sakafuni akitafuta sindano. Nikarudi tena. Maneno hayo nimeyabeba kifuani tangu ujana wangu na sikuwahi kuyasikia.

"Katekista," nikasema, "jiwe liko wapi?"

Alinyamaza ule ukimya wake wa zamani. Kisha akasema, "Jiwe halimo."

"Halimo?"

"Pengine katika Maandiko bahari imewekewa mipaka. Lakini jiwe letu halimo popote. Nilimkatalia padre asipunguze hata siku moja. Nilimkatalia Masanja. Nikasema kila neno ni kweli kama lilivyo. Na jiwe nililitia mimi."

Nje, mlango wa gari ulifungwa. Sikugeuka.

Sitakudanganya kwamba nilimwambia amesamehewa. Sikusema, wala yeye hakuomba. Mimi bado naamini siku ni sita, na baba yako anajua kwamba naamini, naye bado anasema ni mfano, na wewe utakapokua utachagua cha kwako. Jambo moja nilijua pale: mgonjwa alikuwa amelala, uso ameuelekeza kwangu, na dunia ilikuwa imefika nusu, haina jua bado, haina ndege, haina mtu. Si adabu kumwachia mtu dunia ya namna hiyo.

Nikaendelea. Nikamwekea jua litawale mchana na mwezi utawale usiku, nikamwekea na nyota. Jioni ikawa, asubuhi ikawa. Nikanyamaza kidogo ili aishike siku ile, kama alivyokuwa akinyamaza kwa ajili yangu.

Katika ukimya huo nikasikia mtu anavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, Katekista," Masanja akasema.

Katekista hakuuliza ni nani. Alinyoosha mkono upande wa sauti, akausogeza mpaka ukagusa ukingo wa kitanda, mahali pa mtu kukaa.

"Marahaba," akasema. "Keti. Tumefika siku ya samaki."